Amri za Kompyuta si Hirizi

Iko desturi moja iliyoota mizizi miongoni mwa watu wanaofundisha kompyuta, nayo nataka kuipinga hapa bila kumung'unya maneno. Desturi yenyewe ni hii: mwanafunzi hupewa mistari mitatu au minne ya amri, akaambiwa ainakili kama ilivyo, aibandike mahali fulani, kisha aizime kompyuta na kuiwasha tena. Akiuliza maana yake, hujibiwa kwamba ataelewa mbele ya safari. Mbele hiyo haifiki. Mwanafunzi hubaki na mistari yake kama mtu aliyefungwa hirizi mkononi: hajui kilichoandikwa ndani, hathubutu kuifungua, na siku isipofanya kazi huenda kwa mganga mwingine kutafuta nyingine.

Nitachukua mfano mmoja tu, kwani mfano mmoja uliochambuliwa hadi kwenye kiini hufaa kuliko kumi iliyopapaswa. Ni mfano wa kijana anayetaka kujifunza kuandika programu kwa lugha ya Java, naye ana kompyuta ya mezani inayoendeshwa na Linux, tuseme ya aina ya Ubuntu. Kabla hajaandika hata mstari mmoja wa programu yake, anaambiwa kwamba lazima kwanza "aweke mazingira ya Java". Wewe msomaji usiyehusika na kompyuta, usikimbie. Jambo lenyewe nitalieleza kwa lugha ya kawaida, na nadhani utaona kwamba linahusu elimu kuliko linavyohusu mashine.

Java ilitangazwa hadharani mwezi Mei 1995 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, baada ya kazi ya miaka kadhaa ya James Gosling na wenzake. Linux imeitangulia kwa miaka minne: ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, nchini Ufini. Lakini hicho kinachoitwa mazingira ni kikongwe kuliko zote mbili. Kilikuja na toleo la saba la mfumo wa Unix, lililotoka mwaka 1979 katika maabara za Bell huko Marekani, na Linux ikakirithi kutoka katika mila hiyo ya Unix. Tunazungumzia basi kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 40, kilichoandikiwa vitabu na kufundishwa na vizazi viwili. Hakuna sababu ya kukifanya fumbo.

Kigeu cha mazingira, kama wanavyokiita wataalamu, ni jina lililopewa thamani. Hakuna zaidi. Jina HOME limepewa anwani ya folda yako mwenyewe. Jina LANG limepewa lugha unayotaka kusemeshwa na mashine. Jina PATH limepewa orodha ya folda, zikitenganishwa kwa nukta mbili, ambamo amri zako hutafutwa. Ukiandika neno java na kubonyeza kitufe, mashine haijui java iko wapi. Huifuata orodha ile folda moja baada ya nyingine, na java ya kwanza kuonekana ndiyo itakayotumika. Isipoonekana popote, utaambiwa kwamba amri hiyo haipo.

Sasa lifuatalo ndilo jambo ambalo karatasi za maelekezo hazilisemi, nalo ndilo uti wa mgongo wa somo zima. Kila programu inayofanya kazi ndani ya kompyuta ina mzazi aliyeianzisha. Mzazi anapozaa, humpa mtoto nakala ya mazingira yake. Mtoto akiibadilisha nakala yake, mzazi hajui wala hadhuriki. Mzazi akibadilisha yake baada ya mtoto kuzaliwa, mtoto hapati chochote. Urithi unashuka tu, haupandi, nao hutolewa mara moja, siku ya kuzaliwa. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wala hawakuwa na kompyuta. Maneno haya nimeyapima: kuyasema kwa utaratibu mbele ya darasa huchukua dakika tatu, na mtu wa darasa la saba huyaelewa. Ni dakika tatu hizo tunazowanyima vijana.

Tuitazame karatasi yenyewe. Aghalabu huwa na mistari hii miwili:

export JAVA_HOME=/usr/lib/jvm/java-17-openjdk-amd64
export PATH=$JAVA_HOME/bin:$PATH

Mstari wa kwanza unatunga jina JAVA_HOME na kulipa anwani ya folda ambamo Java imewekwa. Mstari wa pili unaichukua orodha ya PATH iliyokuwapo na kuiongezea folda moja mwanzoni. Neno export ndilo linalosema kwamba jina hili liingizwe katika urithi wa watoto. Ndiyo yote.

Swali la kwanza ambalo mwalimu angepaswa kujiuliza ni hili: je, mwanafunzi wa siku ya kwanza anaihitaji mistari hii? Jibu ni kwamba haihitaji. Java yenyewe, unapoiita kwa jina lake, haikitazami kigeu cha JAVA_HOME. Wanaokitazama ni wengine, kama vile Maven, Gradle na Tomcat, ambazo mwanafunzi huyu hatakutana nazo kwa miezi kadhaa. Tena, ukiweka kifurushi cha OpenJDK kwenye Ubuntu kwa njia ya kawaida, mfumo wenyewe hukuwekea kielekezi kiitwacho java ndani ya folda ya /usr/bin, kinachopita kwenye /etc/alternatives hadi kuifikia Java halisi. Folda ya /usr/bin imo tayari katika PATH ya kila mtumiaji. Kwa maneno mengine, mara tu kifurushi kinapomaliza kuwekwa, kazi imekwisha. Na tangu toleo la 11, lililotoka Septemba 2018, faili moja la programu linaweza kuendeshwa moja kwa moja kwa amri ya java bila hata kulitafsiri kwanza kwa javac.

Kwa nini basi mistari hutolewa siku ya kwanza? Kwa sababu aliyeitoa naye alipewa siku yake ya kwanza. Hakuna sababu nyingine. Karatasi inarithiwa kama kitambi cha babu, na kila anayeipokea huiheshimu kwa kuwa ni ya zamani.

Uzee huo una madhara yake. Nimeona karatasi, na si moja, zinazomwamuru mwanafunzi aongeze kigeu cha CLASSPATH na kukielekeza kwenye mafaili mawili yaitwayo tools.jar na dt.jar. Mafaili hayo yaliondolewa katika Java toleo la 9, mwezi Septemba 2017. Folda ndogo ya jre, ambayo karatasi hizo hizo huitaja, nayo iliondoka wakati huo huo. Vijana wanaelekezwa kwenye nyumba iliyokwisha bomolewa, nao wakikuta kiwanja kitupu hudhani ni macho yao yenye kasoro.

Laiti madhara yangeishia hapo! Kigeu cha CLASSPATH kisipowekwa, Java huitafuta programu yako katika folda ile uliyomo. Kikiwekwa bila kutiwa nukta inayowakilisha folda uliyomo, Java huacha kutafuta hapo. Mwanafunzi ameandika programu yake ya kwanza, ameitafsiri bila kosa, anaiendesha, na anaambiwa kwamba haionekani. Anaitazama kwa macho yake mwenyewe, iko pale pale, mbele yake! Java ilikuwa na uwezo wa kuiona hadi pale ilipofumbwa macho na karatasi. Nimeongea na vijana walioacha kujifunza katika hatua hiyo, wakiwa na hakika kabisa kwamba vichwa vyao havikuumbwa kwa kazi hii. Hilo ndilo linalonitia hasira. Aliyekosea ni karatasi, na aliyehukumiwa ni mtoto.

Nitaeleza kisa kimoja ili isionekane kwamba nazungumzia mambo ya hewani. Binti wa jirani yangu, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa masomo yake, alipewa karatasi ya aina hiyo iliyotolewa fotokopi mara nyingi hata ukingo wa kulia ukawa umekatika. Kilichokatika katika mstari wa pili ni herufi chache za mwisho: ile nukta mbili pamoja na $PATH. Aliandika alichokiona, mwishoni mwa faili liitwalo .bashrc, kama alivyoelekezwa. Tangu hapo orodha yake ya PATH ikawa na folda moja tu, ya Java. Alipofungua dirisha la amri na kuandika ls ili aone mafaili yake, amri haikupatikana. Kila alichojaribu hakikupatikana. Akaamini kwamba kompyuta imeharibika, akaipeleka kwa fundi.

Fundi huyo, ambaye sina haja ya kumtaja, hakuuliza swali hata moja. Aliufuta mfumo wote na kuweka mpya, akapokea fedha yake. Pamoja na mfumo yalikwenda mahojiano ambayo binti alikuwa ameyakusanya kwa ajili ya utafiti wake, na nakala nyingine hakuwa nayo. Habari ziliponifikia, wiki ilikuwa imepita na hapakuwa na la kuokoa.

Ndugu msomaji, sasa zirudie zile dakika tatu za urithi uone zingefanya nini. Faili la .bashrc husomwa na bash, yaani programu inayopokea amri ndani ya lile dirisha. Madirisha mengine, mafolda, kiandishi cha maandishi, vyote vinavyofunguliwa kwa kubonyeza picha zake, havikuzaliwa na dirisha la amri. Mzazi wao ni mwingine, na mazingira yao yalikuwa salama salimini. Ilitosha kufungua faili lile kwa kiandishi cha kawaida, kufuta mstari mmoja, na kufungua dirisha jipya la amri. Au hata ndani ya dirisha lile lile, kuandika anwani kamili, /bin/ls badala ya ls, kwani mwenye anwani kamili hahitaji orodha. Tena Ubuntu yenyewe, katika hali kama ile, huandika wazi kwamba amri ipo katika /usr/bin lakini folda hiyo haimo katika PATH. Mashine ilikuwa inasema kweli. Msichana alikuwa amefundishwa kuogopa ujumbe wa mashine, si kuusoma.

Simlaumu fundi peke yake. Naye ana hirizi yake, na hirizi yake ni kufuta kila kitu. Ni zao la shule ile ile.

Urithi huo huo unafumbua vitendawili vingine vinavyowatoa vijana jasho. Kwa nini dirisha la amri linakijua JAVA_HOME, lakini programu kubwa ya kuandikia, iliyofunguliwa kwa kubonyeza picha, haikijui? Kwa sababu jina liliwekwa katika .bashrc, na picha ile si mtoto wa bash. Anayetaka jina lienee kwa madirisha yote na aliweke katika faili la .profile, ambalo kwenye Ubuntu husomwa mtumiaji anapoingia, kisha atoke na kuingia upya, maana urithi hutolewa siku ya kuzaliwa. Kwa nini amri ya source imesaidia dirisha moja na si la pili? Kwa sababu imebadilisha mazingira ya dirisha lile tu. Kwa nini jina linatoweka ukitanguliza sudo? Kwa sababu sudo, kwa usalama, kwa kawaida humvua mtoto mazingira aliyorithi na kumvika mapya. Kwa nini mstari uliofaa katika .bashrc umegoma katika /etc/environment? Kwa sababu faili hilo si orodha ya amri bali ni orodha ya majina na thamani, na alama ya dola humo haifasiriwi. Ni maswali manne, na manne yote yanajibiwa kwa kuuliza jambo moja: nani mzazi, na alimpa mtoto nini?

Najua nitakayojibiwa. Wapo watakaosema kwamba dereva hahitaji kujua injini ili afike Morogoro. Ni kweli, lakini sisi hatufundishi madereva. Anayejifunza kuandika programu anajifunza ufundi wa injini yenyewe, na fundi asiyejua mafuta yanapita wapi tutamkimbia sote. Kama mwalimu anaona kweli kwamba somo hili ni zito kwa siku ya kwanza, basi aliache kabisa, kwani nimekwisha onyesha kwamba halihitajiki. Kinachokatazwa ni ile njia ya katikati: kumtwika mtu jambo na kumnyima maana yake.

Wengine watasema muda hautoshi, mtaala ni mrefu. Mimi nimekaa na vijana jioni nzima tukitafuta kosa ambalo chanzo chake ni nafasi mbili, moja kila upande wa alama ya sawasawa. Katika mstari usioanza na export, bash ikiona JAVA_HOME imeachanishwa na alama ile, hudhani JAVA_HOME ni amri, ikaitafuta na kuikosa. Vivyo hivyo alama za mtajo zilizopindwa kwa urembo na programu ya kuandikia barua: kwa bash hizo si alama za mtajo. Vivyo hivyo anwani iliyoishia kwenye bin, wakati JAVA_HOME inatakiwa kuwa folda iliyo juu ya bin. Haya yote ni madogo kwa anayejua anachoandika, na ni giza kwa anayenakili. Muda hauokolewi kwa kuruka maana. Unakopwa tu, na riba yake hulipwa na mwanafunzi.

Wa tatu watasema kwamba mambo haya ni ya Kiingereza, na Kiswahili hakina maneno yake. Hii ni kasumba kongwe na ningependa izikwe. Nimeandika kurasa hizi zote kwa Kiswahili, na majina niliyoyaacha ni majina ya vitu tu, kama tunavyoacha majina ya watu. Mzazi, mtoto, urithi, nakala, orodha, anwani: je, haya si maneno yetu? Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice, na mbingu hazikuanguka. Hata hilo jina la Ubuntu ni la Kibantu, limetoka kusini mwa bara letu, nalo ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Itakuwa ajabu kubwa mashine yenye jina la utu ifundishwe kwa namna inayomvunjia mtu utu wake.

Nasema hivyo kwa kupima maneno. Kumzoeza kijana kutii asichokielewa si jambo linaloishia kwenye kompyuta. Aliyezoea kubandika mstari kwa sababu karatasi imesema, kesho atatia sahihi mkataba kwa sababu ofisi imesema, na keshokutwa atameza dawa kwa sababu jirani amesema. Mazoea ya akili hayajui mipaka ya masomo. Na kinyume chake ni kweli pia: kijana aliyewahi mara moja tu kuuliza kwa nini, akapata jibu, akalijaribu na kuliona ni kweli kwa macho yake, haogopi tena. Huyo akikutana na ujumbe wa kosa huusoma kama barua, hata kama ni kwa Kiingereza cha kubabaisha, kwa sababu anajua kwamba nyuma yake kuna maana.

Kwa hiyo napendekeza sharti jepesi. Mtu yeyote anayempa mwenzake mstari wa amri, awe mwalimu, fundi au rafiki, aambatanishe majibu ya maswali matatu. La kwanza: mstari huu utasomwa na nani, na lini? La pili: nitajuaje kwamba umefanya kazi? Kwa JAVA_HOME jibu ni fupi: andika printenv JAVA_HOME katika dirisha jipya uone, kisha uandike readlink -f /usr/bin/java ulinganishe na mahali Java ilipo kweli. La tatu: nikitaka kuuondoa, nifanyeje ili nirudi nilikotoka?

Asiyeweza kujibu matatu hayo hajui anachokitoa. Anyamaze kwanza, aende akajifunze. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kuendelea kugawa karatasi zilizokatika ukingo, na kisha kuwaita wajinga wale waliozifuata.